Fuko shambani, panya ghalani: mtego upi ununue, upi utengeneze

Mwaka jana mwezi wa Agosti nilishika jembe nikaingia shamba letu la viazi vitamu hapa Vihiga, magharibi mwa Kenya, robo ekari ambayo mwaka ukiwa mzuri hutulisha hadi karibu Krismasi. Kwenye tuta la kwanza marando yalikuwa yamestawi, majani yanang'aa. Nikayavuta. Yalitoka yote mkononi kama wigi. Chini palibaki vipande viwili vya maganda na tundu la kuingia ngumi, limelainishwa ndani kama limepigwa lipu. Tuta la pili vilevile. Viazi vya kupika jioni hiyo nilivipata kwenye tuta la sita.

Wiki hiyohiyo mahindi yaliingia stoo, na baada ya siku nne magunia mawili yalikuwa yametobolewa kona. Nikaenda dukani kwa agroveti na shida mbili, nikarudi na pakiti moja. "Hii inamaliza wote, mama," kijana aliniambia. Panya waliionja usiku mmoja wakaiacha. Fuko hakuigusa kabisa. Mimi nikabaki nikiokota chembe za buluu kabla kuku hawajazifikia.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kitu kinachouzwa au kutengenezwa huku kwetu, na jambo moja naliona kubwa kuliko bei ya mtego wowote: fuko na panya ni wanyama wa tabia mbili tofauti, na kinachomshinda mmoja hakimwumizi kichwa mwenzake.

Fuko huishi peke yake. Mfumo mmoja wa njia za chini ya ardhi una mwenyewe mmoja, na akikutana na mwenzake nje ya msimu wa kupandana ni vita. Huzaa polepole, kwa kawaida mtoto mmoja au wawili kwa mara. Kwa hiyo ukimnasa mmoja umetatua sehemu kubwa ya tatizo la kipande hicho cha shamba. Panya ni ukoo. Mimba yake ni kama wiki tatu tu na watoto ni sita, wanane, hata zaidi. Yule panya wa shambani mwenye matiti mengi ndiye balaa, maana jike wake anaweza kuwa na jozi 12 za matiti, na mvua zikianza kuleta nafaka hufurika. Kumnasa panya mmoja mmoja huku gunia liko wazi ni kuchota maji kwa pakacha.

Kwa hiyo nitalinganisha mitego ya kila mmoja peke yake.

Fuko: ufito au chuma?

Kwanza niondoe uchafu mmoja wa intaneti. Ukitafuta dawa ya fuko utaletewa mashauri ya Uingereza na Marekani: mwaga mafuta ya nyonyo, ua funza wa udongoni ili fuko akose chakula. Hayo ni ya fuko wa kwao, ambaye hula minyoo na wadudu. Huyu wetu wa Magharibi, wa Kericho na wa mashamba ya Molo kule Nakuru ni jamaa ya panya. Ana meno manne ya mbele, ya rangi ya machungwa, yanayochomoza nje ya midomo hata mdomo ukiwa umefungwa. Huchimbia hayo meno, na hula mizizi: viazi vitamu, mihogo, karoti, nduma, mizizi ya majani ya ng'ombe na ya migomba. Ukiua minyoo yote shambani yeye hatajua.

Mtego wa ufito niliuona ukitegwa na mzee mmoja anayefanya kazi hiyo vijiji vyetu vyote, na nilikaa karibu naye nusu saa nikitazama. Hakuanza na mtego. Alizunguka akigusa vichuguu kwa vidole vya miguu, akaacha vinne vilivyokauka, akasimama kwenye cha tano ambacho udongo wake ulikuwa bado na unyevu. "Huyu amelala hapa leo," alisema. Akafukua kwa jembe dogo hadi njia ikaonekana, akaingiza mkono mzima hadi kwenye kiwiko kuhisi inakoelekea. Mimi nisingeingiza mkono wangu mle bila kujua kama kuna nyoka, lakini yeye alicheka tu.

Kisha akakata ufito wa mpera, mrefu kumpita mtoto wa darasa la nne, akauchomeka ardhini ukiwa umesimama, hatua moja kutoka tunduni. Kwenye ncha alifunga kamba ya nailoni yenye tanzi la waya mwembamba. Tanzi alilipanga likafuata ukuta wa njia ya fuko, akalifunika udongo kidogo lisionekane wala lisiguswe kwa kichwa. Ufito akaupinda hadi ukawa upinde, akaushikilia kwa uzi wa katani uliokatiza katikati ya njia, mbele ya tanzi. Mikono yote miwili alikuwa ameipaka udongo na majani ya viazi yaliyopondwa, ili harufu ya mtu isibaki. Mwisho akaacha upenyo mdogo wa mwanga na hewa.

Huo upenyo ndio ujanja wote. Chambo ni ziada tu. Kuna wanaofunga kipande cha kiazi, kuna wasiofunga. Fuko hapendi njia yake iwe wazi. Akihisi upepo anakuja kuziba, akisukuma udongo mbele yake, anakuta uzi umemzuia, anaukata kwa meno kama anavyokata mzizi wowote. Ufito unafyatuka. Saa kumi jioni ulikuwa wima, na mzee akavuta kamba kama mvuvi.

Sasa mtego wa chuma, ule wa springi na kucha mbili unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo na kwa mafundi wa jua kali. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mkono uliozoea. Ukiwa na miwili unaitega kwa kupeana mgongo, mmoja ukitazama kila upande wa njia, kwa sababu hujui fuko atatokea wapi. Ufito hutega upande mmoja tu, na ukikosea upande umepoteza siku. Chuma pia huua papo hapo mara nyingi, ilhali tanzi lililokaa vibaya humshika fuko kiunoni akateseka hadi uje.

Kasoro za chuma nimezijua kwa mfuko wangu. Udongo wetu mwekundu ukilowa hujaza springi na mtego haufungi vizuri. Kutu. Halafu wezi: mitego miwili ya kwanza niliyonunua ilikaa shambani siku tano, ya sita sikuiona, na naamini iliishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Ufito wa mpera hakuna anayeuiba.

Ushauri wangu ni huu. Kama shamba ni dogo na fuko ni mmoja au wawili, mwite mtegaji, umlipe kwa kila fuko anayekuonyesha, na usimwache aondoke kabla hajakufundisha kupinda ufito. Kama una ekari mbili tatu za viazi au karoti na uko mbali na mtegaji, nunua vyuma viwili, vifunge kwa waya kwenye kigingi kirefu na uweke alama. Mimi sasa natumia ufito, na si kwa sababu ya bei peke yake. Kutega ufito kumenilazimisha kujua njia za fuko zinapita wapi.

Kuhusu utupa, ule mmea wa maua ya zambarau au meupe ambao wengi huupanda kando ya shamba kufukuza fuko: mimi ninao mstari mmoja, na fuko amepita chini yake mara mbili ninazojua. Wapo majirani wanaoapa unafanya kazi. Faida yake isiyo na ubishi ni kwamba ni jamii ya mikunde na hurutubisha udongo. Lakini majani yake ni sumu kali ya samaki, tangu zamani watu walivulia, basi usiyaoshe wala kuyatupa karibu na kijito au kidimbwi cha kufugia samaki.

Vidonge vya gesi, vile vinavyotupwa tunduni vikatoa fosfini vikikutana na unyevu, sivitaki hata kuviona. Gesi hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini, na njia ya fuko inaweza kupita chini ya jikoni kwako bila wewe kujua. Watu wamekufa kwa kuviweka kwenye mahindi chumba wanacholala. Viache kwa wenye mafunzo na vifaa.

Panya: kabla ya mtego, miguu ya ghala

Hapa naanza na kitu ambacho si mtego. Wazee wa Kijaluo walijenga dero, ghala la fito zilizosukwa, likainuliwa juu ya mawe au miguu, paa lake likifunuliwa kwa juu. Wengi tumeliacha tukaleta magunia ndani ya nyumba, chini ya kitanda au kwenye kona ya sebule, halafu tunashangaa panya wamehamia ndani. Tuliwaalika.

Ghala la kuinuliwa linaweza kulinganishwa na mtego wowote na likaushinda, ila kwa masharti. Sakafu iwe karibu mita moja kutoka ardhini, kwa sababu panya mzima huruka kwenda juu zaidi ya nusu mita bila taabu. Kila mguu uvalishwe koni ya bati, kama kofia ya Mchina iliyotazama chini, ili anayepanda agonge paji la uso na kurudi. Na pasiwe na tawi, ukuta, ngazi iliyosahaulika wala rundo la kuni linalogusa ghala. Mimi niliweka koni nne nzuri sana nikaacha ngazi imeegemea mlangoni. Panya walipanda ngazi.

Kama huna ghala na mahindi yatakaa chumbani, basi ziba. Tundu linalopitisha kidole gumba linampitisha panya mdogo. Saruji yenye vipande vya chupa, ukanda wa bati chini ya mlango, magunia juu ya mbao na mbali na ukuta kiasi cha wewe kupita na fagio. Ile mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ni nzuri mno kwa fukusi, maana wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa, mradi mahindi yamekauka vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5. Lakini kwa panya ni plastiki tu. Atatoboa usiku mmoja, hewa itaingia, na fukusi watafufuka. Kwa hiyo anayenunua mifuko hiyo ndiye anayehitaji zaidi kuziba chumba.

Baada ya hapo ndipo mtego una maana.

Mtego wa mbao wa springi ndio ule unaojulikana na kila mtu. Mmarekani William Hooker aliupatia hataza mwaka 1894 na umbo halijabadilika sana. Ni rahisi, unaua haraka, unatumika miaka. Wanaosema haushiki mara nyingi wanauweka katikati ya chumba. Panya hutembea akigusa ukuta kwa sharubu. Uweke umekabili ukuta, kichwa cha chambo kikigusa ukuta, uwe kama herufi T. Tena panya mkubwa huogopa kitu kipya: uweke na chambo bila kuutega kwa siku tatu nne, ale azoee, kisha siku ya tano utege. Weka mitano kwa pamoja, usiweke mmoja. Chambo bora kwetu ni omena. Funga kichwa cha omena kwa uzi kwenye kitegulio, asiweze kukichukua na kuondoka. Ukoko wa ugali uliopakwa siagi ya karanga unafuata. Jibini ya kwenye vibonzo hata panya wa Vihiga haijui.

Ndoo ni ya kwanza kwangu panya wakiwa wengi. Ndoo ya lita 20, maji robo, waya umepita katikati ya mdomo wa ndoo ukitoboa chupa ya plastiki izunguke, chupa imepakwa siagi ya karanga, na ubao wa kupandia. Anakanyaga chupa, inazunguka, anaanguka, na mtego umejitega tena wenyewe. Usiku wa kwanza stoo yetu ilitoa saba. Kasoro yake ni nzito: mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya robo ndoo. Itegwe ndani ya chumba kinachofungwa kwa kufuli, na asubuhi imwagwe kabla ya chai.

Kizimba cha waya hushika mzimamzima. Kinafaa nyumba yenye watoto na paka, kwa sababu asiyehusika unamfungulia mlango. Lakini lazima uwe na moyo wa kumuua utakayemkuta, maana kumwachilia kwa jirani si suluhisho, na kumwachilia porini huwa anarudi au anapeleka shida kwingine.

Gundi naikataa. Ni ulimbo wa zamani wa kunasia ndege, umewekwa kwenye karatasi. Panya hukaa humo akilia hadi asubuhi, na kwetu gundi ya kwanza ilimnasa mjusi, ya pili kifaranga, ya tatu soksi ya shule. Ndiyo maana wahenga walisema mtego wa panya huingia aliyemo na asiyekuwemo.

Paka? Mfuge, ila usimwekee matumaini yote. Huwatisha na kuwamaliza wadogo. Panya dume aliyekomaa paka wengi humpisha. Na paka mwenye njaa si mwindaji bora kuliko aliyeshiba kiasi, hiyo ni hadithi ya watu wasiotaka kununua maziwa. Bundi pia ni mwindaji wa panya mwenye bidii kuliko paka. Najua kwetu akilia juu ya paa watu humpiga mawe wakingoja msiba, lakini mimi wangu nimemwacha kwenye mkaratusi.

Sumu, ikibidi

Dawa nyingi za vitalu vya nta vya buluu au kijani huzuia damu kuganda. Panya hufa baada ya siku tatu hadi wiki, na huko kuchelewa ni makusudi: panya hawezi kutapika, kwa hiyo huonja kidogo na kusubiri, na dawa inayomuumiza mara moja haigusi tena. Hicho ndicho kilichotokea kwa pakiti yangu ya kwanza. Ubaya ni kwamba katika siku hizo panya mlegevu hutembea mchana, na paka, mbwa au bundi humla na sumu ikawa yake. Basi paka na sumu usiviweke nyumba moja. Chagua kimoja.

Ukiamua sumu, nunua yenye lebo na nambari ya usajili ya PCPB, ile bodi inayosajili dawa za wadudu na panya nchini. Kifunge kitalu kwa waya ndani ya kipande cha bomba, kisibebwe. Hifadhi pakiti, kwa sababu mtoto akila daktari atataka kujua jina. Kwa aina hii ya kuzuia damu kuganda kuna vitamini K1 inayotibu. Ndiyo maana namwogopa mchuuzi wa sokoni mwenye kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto!", mwenye vijikaratasi visivyo na jina. Humo mnaweza kuwa na dawa kali ya shambani iliyopimwa kwa kijiko.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona sumu ya shamba ikigeuzwa mtego. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, Busia, watu walitumia kabofurani kuulia ndege wa majini na njiwa, kisha nyama ikauzwa. Walioila hawakuambiwa.

Panya aliyekufa kwa njia yoyote mshike kwa mfuko wa plastiki, mzike, na mavi yake yanyunyizie maji ya jiki kabla ya kufagia, usivute vumbi lake.

Kuhusu wengine wanaotusumbua sitakaa sana. Kicheche na nguchiro wa usiku huiba kuku usiku au alfajiri, na banda lenye wavu wa matundu madogo na mlango unaofungwa saa kumi na mbili jioni huwashinda bila mtego. Tumbili wa kando ya msitu wa Kakamega hufukuzwa kwa mbwa na kwa mtu kukaa shambani. Tanzi la kumnasa paa au nungunungu liache kabisa: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inauhesabu kuwa kosa hata ukisema ni kitoweo cha nyumbani tu. Ofisi ya kaunti ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ndiyo ya kuitwa.

Viazi vipya viko shambani sasa, na nina fito mbili za mpera zimepindwa. Mmoja ulifyatuka Jumanne ukiwa na fuko mnene kama kiatu cha mtoto. Wa pili, mwenye njia ameujaza udongo mara tatu bila kugusa uzi. Kesho nitausogeza hatua kumi, upande wa migomba, nione.